Ilimba ya Kiongozi

Kiongozi hakupenda makofi. Watu wakianza kupiga makofi katikati ya wimbo, kama wanywaji wa hotelini wanavyofanya wakisikia gitaa limepamba moto, yeye alishusha sauti ya gitaa lake mpaka wakaona haya wakaacha. Kisha aliipandisha tena taratibu, uso mkavu. Mwenye hoteli, mama wa makamo tuliyemwita laoban kama kila bosi anavyoitwa kule Guangzhou, alimlalamikia mara nyingi. Alisema wateja wanakuja kufurahi. Kiongozi alimjibu kwa Kichina chake cha kuungaunga kwamba wafurahi kimyakimya.

Nilipiga kinanda chini yake karibu miaka mitatu, mwishoni mwa miaka ya tisini. Sisemi nilipiga pamoja naye, maana hakuna aliyepiga pamoja naye. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Yeye mwenyewe akijitambulisha alisema tu, "Mimi ndiye kiongozi wa bendi." Habari za kwao, za mke na watoto kama alikuwa nao, hakuzitoa. Nilimwuliza mara moja, akanitazama kana kwamba nimemwomba mswaki wake. Nilichojua ni kwamba alikuja China na bendi ya muziki wa dansi kutoka Dar es Salaam kwa mkataba wa hoteli. Mkataba ulipokwisha wenzake walirudi nyumbani, yeye akabaki.

Mimi nilikwenda kununua nguo. Nilikuwa na kibanda sokoni Dodoma, na Jumapili nilipiga kinanda kanisani. Mambo yalininyookea kidogo, nikapata kazi katika ofisi ya wakala wa makontena kwenye jengo la Tianxiu, nikaona nikae. Mbuyi, Mkongomani aliyetafsiri Kifaransa pale ofisini, ndiye mpiga besi wa hotelini. Alinisikia siku moja nikigongagonga meza kwa vidole, akaniambia bendi yao haina mtu wa kinanda.

"Lakini ujiandae," alisema. "Yule mzee ana roho ngumu."

Kiongozi alinijaribu mchana, katika chumba cha kuhifadhia viti. Aliniambia nichague noti tatu. Nikachagua. Akaniambia nizipige, nisiache. Nikapiga. Alikaa kwenye kiti, kichwa chini, kiganja juu ya paja, akanywa chai yake yote, akamimina nyingine. Mwishowe nikaweka urembo kidogo, kama tulivyokuwa tunafanya kwenye nyimbo za kwaya.

"Nani kakuambia uongeze?"

"Nimechoka, Kiongozi."

"Umechoka wewe. Noti hazijachoka. Kaa hapohapo."

Hayo maneno, kaa hapohapo, nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Aliniita Binti siku zote, ingawa nilikuwa mtu mzima mwenye mzigo wangu na kodi yangu ya nyumba.

Muziki alioutaka aliupata kwenye sidii zilizokatwa. Wakati ule sidii hizo zilijaa Guangzhou. Zililetwa kutoka ng'ambo kama taka za plastiki, zimepitishwa msumeno ukingoni ili zisiuzwe tena. Lakini msumeno uliharibu wimbo wa mwisho tu, au miwili, na nyingine zote zikalia vizuri. Wachuuzi walizimwaga kwenye maturubai, na watu wakachutama kuchagua. Kiongozi alichagua kwa kutazama picha ya jalada. Hivyo ndivyo alivyokutana na wale watunzi wa Kimarekani wanaotumia noti chache, zinazojirudia na kujirudia, kisha moja inabadilika wakati umeshasahau kusubiri. Na kwenye rundo lilelile akakutana na bendi za roki za Kiingereza, zile za nyimbo ndefu zinazokula upande mzima wa santuri.

Alituketisha chini kama wanafunzi. Aliweka sidii ya mtunzi, tukasikiliza. Akaiondoa, akaweka ya bendi ya roki.

"Mnasikia kinanda hapo chini ya gitaa? Huyu kamsikiliza yule."

Mbuyi alikuwa amelala. Keung, mpiga drams wetu, Mkantoni aliyejifunza Kiswahili kwetu, na ambaye mama yake alikuwa na duka la tambi jirani na hoteli, alitikisa kichwa kwa raha. Mimi nilisikia, na sikuweza tena kutosikia. Kiongozi alitueleza kwamba wanamuziki wale wa roki walikuwa na ufundi mwingi mno. Kila mmoja alitaka kuonyesha vidole vyake, na wimbo ukasongamana kama duka la Tianxiu siku ya kupakia makontena. Kisha baadhi yao wakasikia kazi za wale watunzi. Wakajifunza kuacha kinanda kizunguke palepale huku vyombo vingine vikiingia kimoja kimoja. Wakajifunza kuweka magitaa mawili yapige kitu kilekile, moja lichepuke kidogo, mpaka kati yao izaliwe sauti ya tatu ambayo hakuna anayeipiga.

"Waliwafundisha kunyamaza," alisema Kiongozi. "Mtu wa roki kunyamaza si jambo dogo."

Nakiri kwamba alinifungua masikio. Kabla yake nilidhani kupanga muziki ni kugawa kazi, huyu aimbe, yule aitikie. Yeye alinionyesha kwamba unaweza kupanga muda wenyewe, ukamfanya msikilizaji angoje bila kujua anangoja nini. Hilo siwezi kumnyang'anya, hata leo ninapoandika nikiwa na hasira.

Alikuwa mtu wa kuchanganya. Aliwadharau wafanyabiashara wote, nami nikiwemo, akatuita watu wa marobota. Lakini suruali zake za jinzi zilitoka Xintang, kwenye viwanda vyenyewe, na kila nikienda huko na wateja wa ofisi aliniagiza saizi yake na rangi ya bluu nzito, kisha akazipiga pasi mpaka zikawa na mstari mbele kama za karani. Alihubiri subira, lakini lifti ikichelewa aliipiga teke. Mama yake Mbuyi alipofariki Lubumbashi, Kiongozi alimlazimisha kupiga jioni ileile. Mbuyi alipiga huku machozi yakimtoka, nasi tuliona aibu kumtazama. Nikasema moyoni, huyu si binadamu. Kesho yake nilikwenda kumpa Mbuyi pole nikamkuta Kiongozi jikoni kwake, kajifunga taulo kiunoni, anasonga ugali wa unga wa mahindi alioutafuta mji mzima. Alikuwa amefua nguo za Mbuyi na kuzianika dirishani. Alipika pale mpaka wiki ikaisha, na hakusema neno moja la pole.

Kuna kitabu kidogo kilichokuwa ndani ya jalada la sidii moja. Aliniomba nimsomee, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa chepesi kuliko chake. Kilieleza kwamba mtunzi mmoja wa aina ile alisafiri hadi Afrika Magharibi kujifunza ngoma, na aliporudi kwao muziki wake ukabadilika. Kiongozi aliniambia nirudie. Nikarudia. Akacheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe.

"Mimi nyumbani nilipiga gitaa hivi, kabla sijawahi kuwasikia hawa. Meneja akasema gitaa limekwama. Mbele ya watu. Akanitoa kwenye wimbo."

Nikaona ndiyo nafasi ya kusema nililokuwa nalo siku nyingi. Mjomba wangu hupiga ilimba, ile marimba yetu ya Kigogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Kidole kimoja kinakwenda njia yake fupi, kingine njia yake ndefu, vinaachana, kisha vinakutana. Nimelala na sauti ile utoto wangu wote.

"Kiongozi, huu muziki ni kama ilimba ya kwetu."

"Usiniletee mambo ya kijijini, Binti."

"Nisikilize kidogo tu."

Nikampigia kwenye kinanda, mkono wa kushoto ukiwa gumba moja, wa kulia gumba lingine. Hakunizuia. Alikaa, kichwa chini, kiganja juu ya paja. Nilipoacha akasema, "Tena." Tulikaa pale mpaka Keung akaja kutuambia laoban anauliza kama leo kuna muziki au hakuna.

Kuanzia siku hiyo Kiongozi alianza kutengeneza kipande kirefu. Kilisimama juu ya mikono yangu miwili. Gitaa lake liliingia juu yake, moja kwa moja, kisha likachepuka. Besi ya Mbuyi iligusa pale tu mikono ilipokutana. Alibadilisha kitu kimoja katika ilimba ya mjomba. Aliichelewesha noti moja, kidogo mno, ikawa kama mtu anayetaka kujikwaa halafu hajikwai. Tulikifanyia mazoezi kipande hicho katika chumba cha viti miezi mingi. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Nilidhani amekubali. Nilidhani hahitaji kusema kwa kuwa sote tunajua.

Hotelini kipande hicho hatukuruhusiwa kukipiga. Hotelini, siku ya Ijumaa, tulivaa mashati ya madoa ya chui aliyotushonea laoban, na mlangoni kulikuwa na picha ya ngoma kubwa, ingawa bendi haikuwa na ngoma. Kiongozi alivaa shati lile kama mtu anayevaa nguo za maiti. Alipiga nyimbo walizotaka, akashuka jukwaani, akalivua kabla hajafika mlangoni.

Vijana wa bendi moja ya roki ya palepale Guangzhou waliletwa na Keung. Walikuwa watu wazima wa miaka ishirini na kitu, nywele ndefu, na mpiga gitaa wao mwembamba alizijua zile sidii zilizokatwa kuliko hata Kiongozi. Waliposikia mazoezi yetu walikaa chini sakafuni. Wiki iliyofuata walirudi na magitaa yao. Kiongozi, ambaye hakuwahi kunieleza mimi kitu mara mbili kwa upole, aliwaeleza wao mara kumi. Wakatualika tukipige kipande chetu kwenye ukumbi mdogo nyuma ya chuo kimoja, Jumapili mchana, wao wakitangulia.

Siku hiyo hatukuvaa chui. Kiongozi alivaa jinzi yake yenye mstari na shati jeupe. Wanafunzi walijaa, wengine walisimama ukutani. Kabla ya kuanza alisogea kwenye kipaza sauti, Keung akasimama kando kutafsiri. Kiongozi akazungumza vizuri. Akawataja watunzi wa Marekani, akaeleza jinsi bendi za roki za Uingereza zilivyojifunza kwao, akasema kipande hiki kinawashukuru wote hao. Mimi nilikuwa nimeshaweka vidole kwenye kinanda. Nilingoja. Sikutaka mengi. Angesema tu, na mtu mmoja wa Dodoma.

Msichana mmoja mbele akanyoosha mkono. Keung akatafsiri swali lake. "Anauliza, na Afrika je? Afrika iko wapi katika muziki huu?"

Kiongozi alimgeukia Keung.

"Mwambie hakuna Afrika humu," alisema. "Afrika iko hotelini. Aje Ijumaa."

Keung alitafsiri, watu wakacheka. Kisha Kiongozi akanipa ishara ya kuanza, nami nikaanza, kwa sababu mikono ilikuwa tayari. Nililielewa jibu lake. Nililielewa kuliko mtu yeyote mle ndani, kwa kuwa nami nilikuwa na shati la chui kwenye begi langu. Alichokuwa anakikataa ni lile shati. Lakini aliyekuwa amekaa kwenye kinanda wakati anakataa nilikuwa mimi, na vidole vilivyokuwa vinatembea vilikuwa vya mjomba wangu.

Hatujawahi kupiga vizuri kama siku ile. Hakuna aliyepiga makofi katikati. Walingoja mpaka mwisho, wakasimama. Kiongozi aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba makofi alikuwa anayapenda, ila alikuwa anayangoja ya watu fulani.

Nilimfuata kwenye korido.

"Kiongozi, kile cha kinanda ni cha mjomba wangu."

"Nini?"

"Unajua nasema nini."

Alikuwa anajifuta jasho kwa leso. Akaikunja kwanza, pembe kwa pembe.

"Mjomba wako alipiga. Wapo wengi wanaopiga. Mimi nimepanga. Huo ndio muziki, Binti, kupanga."

"Ungemtaja tu."

"Ningemtaja wangesikia nini? Wangesikia kijiji. Wangesikia chui. Nimefanya kazi maisha yangu yote ili siku moja wasikie noti."

"Na mtunzi yule aliyekwenda kujifunza ngoma? Yeye mbona amesema alikokwenda?"

"Yeye anaweza kusema," alijibu Kiongozi. "Akisema yeye, wanamwona msomi. Nikisema mimi, wananiona mcheza ngoma."

Ukweli wake ulikuwa ukweli. Ila aliulipia kwa kitu changu.

Miezi michache baadaye tulikuwa kwenye duka la mama yake Keung, tunakula tambi mchana, redio iko juu ya friji. Keung aliinua mkono tunyamaze. Redioni walikuwa wanasikika wale vijana wa nywele ndefu. Wimbo wao mpya ulianza kwa gitaa, na gitaa lile lilikuwa linapiga zile njia za mikono yangu miwili, na noti iliyochelewa ilikuwa mahali pake. Walikuwa wameipamba kwa drams nzito na sauti ya kuimba, lakini ilikuwa yenyewe. Kiongozi aliweka chini vijiti vya kulia.

Mtangazaji alimhoji yule mpiga gitaa. Keung alitafsiri kwa sauti ndogo, akitazama bakuli lake.

"Anamuuliza hii staili wameipata wapi. Anasema… anasema wameipata kwenye sidii zilizokatwa. Kwa watunzi wa Marekani. Anasema walikaa wenyewe, wakasikiliza sana."

"Basi?" aliuliza Kiongozi.

"Basi. Sasa anazungumza habari za nywele zake."

Nilimtazama Kiongozi usoni, na nikafurahi. Nasema kama ilivyokuwa. Ilikuwa furaha fupi, kama unapokula kitu kitamu chenye mchanga ndani.

"Hawakusema hata kwamba kuna mtu aliwafundisha," alisema. "Hata mtu tu. Bila jina."

"Pole, Kiongozi," nikasema.

Aliitikia, "Asante, Binti," kwa unyenyekevu kabisa. Hakuona kitu. Nilingoja aone, nikangoja mpaka tambi zikapoa, na Mbuyi akanipiga mguu chini ya meza ili niache kumtazama.

Bendi haikuvunjika kwa ugomvi. Laoban alileta mashine ya kuimbia, wateja wakapenda kuimba wenyewe, na mkataba ukaishia hapo. Mbuyi alihamia Hong Kong. Keung alibaki dukani kwa mama yake. Mimi nilirudi Dodoma na kontena langu la kwanza la jinzi, nikawa mtu wa marobota kweli. Mjomba wangu nilimkuta hai, ila vidole vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Ilimba ilikuwa imetundikwa ukutani. Nilimweleza kwamba muziki wake umepigwa China. Akauliza kama waliupenda. Nikasema waliupenda. Akasema vizuri, akaniuliza bei ya jinzi.

Nilimwona Kiongozi mara moja zaidi, niliporudi kuchukua mzigo. Ilikuwa asubuhi, chini pale Tianxiu, kwenye duka la vyombo vya muziki. Alikuwa amesimama nyuma ya kibodi mpya bado yenye plastiki, miwani puani, suruali ina mstari uleule. Mwenye duka alimwajiri awapigie wateja wa Kiafrika, maana makanisa ya nyumbani yalikuwa yameanza kuagiza kibodi kwa wingi. Mchungaji mmoja kutoka Iringa na mkewe walikuwa mbele yake.

"Binti," alisema, kana kwamba tuliachana jana. "Njoo. Mchungaji, huyu alikuwa kwenye bendi yangu. Atakuonyesha, nami nikueleze vitufe."

Nilimwamkia, akaitikia. Nikaweka mifuko yangu chini. Sikupiga tenzi za kanisani. Nilipiga ilimba, jinsi mjomba alivyokuwa anaipiga, bila ile noti kuchelewa. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka asikie mara moja tu ilivyokuwa kabla yake.

Alisikiliza, kichwa chini. Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu, taratibu, kama mwalimu.

"Hapo umekosea," alisema. "Umesahau. Hiyo noti inachelewa."

"Mjomba wangu haicheleweshi, Kiongozi."

Alinitazama juu ya miwani. Nilimchunguza macho, nikitafuta uongo, au aibu, au hata ukaidi wa siku ile koridoni. Sikuona chochote. Alikuwa amesahau kweli kwamba kulikuwa na mjomba.

"Mjomba yupi?" aliuliza. Akamgeukia mchungaji. "Hiki ni kipande changu cha zamani. Anza tena, Binti. Kaa hapohapo."

Mchungaji alikuwa anangoja. Mkewe alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kufuata mdundo. Nikaanza tena, nikaichelewesha ile noti kama alivyotaka yeye, na ikawa nzuri zaidi. Hilo ndilo ambalo sijaweza kumsamehe.